Amplifaya ipi kwa spika zipi: piga hesabu kabla ya kutoa pesa

Ukifika duka la redio Kariakoo au Luthuli Avenue ukasema unatafuta amplifaya, utaulizwa kwanza, "Ya wati ngapi?" Mteja anataja namba kubwa kadiri mfuko unavyoruhusu, anafungiwa mzigo, anaondoka. Nyumbani sauti inatoka kavu, au twita (kile kispika kidogo cha sauti za juu) inaungua mwezi wa pili, na lawama zote zinaangukia spika. Kosa lilianza kwenye lile swali. Huwezi kujua wati ngapi kabla hujajua spika zako zinadai nini, kwa hiyo kazi huanzia mgongoni mwa spika.

Geuza spika usome kibandiko, au tafuta karatasi yake mtandaoni kwa jina kamili la modeli. Andika namba tatu. Ya kwanza ina dB, yaani desibeli, kipimo cha ukubwa wa sauti, mara nyingi imeandikwa hivi: 85 dB (2.83V/1m). Ya pili ina alama ya omu, Ω, kipimo cha ukinzani wa spika kwa umeme, na pembeni yake huenda pakawa na namba ndogo zaidi inayoonyesha omu zinaposhuka chini kabisa. Ya tatu ni wati ambazo mtengenezaji anapendekeza, kwa mfano 40–100 W. Kisha chukua futi kamba upime umbali kutoka spika hadi kwenye kiti unachokalia ukisikiliza. Hiyo ni namba ya nne, nayo hutaipata kwenye karatasi yoyote.

Mfano tutakaoufuata hapa ni KEF LS50 Meta, spika ndogo ya kampuni ya Uingereza inayowekwa juu ya stendi. Karatasi yake inasema dB 85, omu 8 zinazoshuka hadi 3.5, na amplifaya ya wati 40 hadi 100. Kiti kiko mita 3 mbele yake, kwenye sebule ya kawaida. Ukiitazama harakaharaka unaona spika ndogo isiyo na makuu. Hesabu itaonyesha vingine.

Maana ya ile namba ya dB

"85 dB (2.83V/1m)" maana yake ni kwamba ukiipa spika volti 2.83, aliyesimama mita moja mbele yake anapata sauti ya desibeli 85. Volti 2.83 kwenye omu 8 ni wati 1. Kwenye omu 4 ni wati 2. Kwa hiyo spika ya omu 4 inayotangaza dB 88 imetumia wati mbili kufika hapo. Kwa wati moja ingetoa 85. Mtengenezaji hajadanganya, lakini ukiiweka sawa na spika ya omu 8 yenye dB 88 umejidanganya mwenyewe, kwa sababu amplifaya itaitumikia hiyo ya omu 4 kwa jasho maradufu.

Kila unapotaka dB 3 zaidi, wati lazima ziwe mara mbili. Ukitaka dB 10 zaidi, wati mara kumi, na sikio la mtu husikia hizo dB 10 kama sauti iliyoongezeka maradufu tu. Ndiyo maana kulipa zaidi ili utoke kwenye amplifaya ya wati 50 uende ya wati 60 ni kupoteza pesa: tofauti yake haifiki hata dB 1. Lakini kutoka spika ya dB 85 kwenda ya dB 91 ni sawa na kuzidisha wati za amplifaya yako mara nne, bila kuigusa amplifaya yenyewe.

Pengo kati ya spika na spika ni kubwa kuliko wengi wanavyofikiri. Klipschorn, spika ya pembe ya Marekani iliyotoka mwaka 1946, mtengenezaji anaitaja kwa dB 105. LS3/5A, kispika ambacho BBC ilikibuni miaka ya 1970 kwa ajili ya magari ya matangazo, kiko karibu na dB 82 au 83. Ili vitoe sauti sawa, hicho cha pili kinadai nguvu zaidi ya mara mia. Mtu akikuambia "wati 10 zinatosha kabisa" na mwingine akasema "bila wati 100 hakuna muziki", huenda wote wawili wanasema kweli, kila mmoja kwa spika zake.

Tahadhari moja. Wengine hupima kwenye chumba kisicho na mwangwi, wengine huongeza msaada wa kuta za sebule, na namba inapanda. Sanduku dogo haliwezi kutoa besi ya chini na papo hapo likawa na dB nyingi; maumbile ya sauti hayaruhusu. Ukiona spika ya wufa (kile kispika cha besi) ya inchi 5 inadai besi nzito pamoja na dB 95, punguza 3 au zaidi kabla ya kuingiza namba hiyo kwenye hesabu.

Hesabu yenyewe

Chukua dB ya spika. Toa kinachopotea njiani: nje uwanjani sauti hupungua dB 6 kila umbali unapozidishwa mara mbili, ila ndani ya chumba kuta hurudisha sehemu, kwa hiyo kwa mita 2 toa 4, kwa mita 3 toa 6, kwa mita 4 toa 8. Kisha ongeza 3 kwa kuwa spika ni mbili. LS50 Meta zetu: 85 − 6 + 3 = 82. Hiyo ndiyo sauti inayofika kwenye kiti kila amplifaya inapotoa volti 2.83 kwa kila spika.

Sasa unataka nini? Muziki wa kukaa na kusikiliza kwa moyo, ambapo mtu wa pembeni lazima apaaze sauti ili aongee nawe, una wastani wa dB 80 hivi. Lakini wastani si kilele. Ngoma inapopigwa, sauti huruka ghafla juu ya wastani, na amplifaya lazima iwe na akiba ya mruko huo. Bongo fleva na amapiano nyingi hubanwa studio, vilele vyake viko dB 8 hadi 10 tu juu ya wastani. Taarab ya violini na ganuni iliyorekodiwa bila kubanwa, jazi ya jukwaani, okestra, hizo huruka dB 15 hata 20. Tuchukue 16. Kilele kitakuwa 80 + 16 = dB 96.

Kutoka 82 hadi 96 ni dB 14. Geuza ziwe mara: dB 3 ni mara 2, dB 6 mara 4, dB 10 mara 10, dB 14 mara 25, dB 17 mara 50, dB 20 mara 100. Kwa hiyo unahitaji wati 25, na ukiongeza dB 3 za tahadhari unapata wati 50 kwa kila spika, zikipimwa kwa omu 8. Spika ya dB 91 kwenye kiti hichohicho ingetaka wati 6 au 7, tuseme 15 ukiweka tahadhari.

Muziki uliobanwa hauhitaji vilele virefu, lakini unaichosha amplifaya kwa njia nyingine: kazi haina mapumziko. Anayepiga amapiano saa sita mfululizo anajali zaidi uwezo wa amplifaya kupoa na waya wa ndani wa spika kuvumilia joto.

Ile 40–100 W ya mtengenezaji isomeke hivi: chini ya 40 utaishiwa nguvu mapema, na juu ya 100 mkono wako kwenye volyumu ndio utakaoamua. Amplifaya ya wati 150 haiunguzi spika kwa kuwepo tu. Kinachounguza mara nyingi ni amplifaya ndogo iliyolazimishwa. Ikifika mwisho wa volti zake haiwezi kupanda tena, kwa hiyo mawimbi yanakatwa vichwa, juu panakuwa bapa. Besi ndiyo hufika huko kwanza. Wewe unaendelea kupandisha, besi haiongezeki, lakini sauti za juu zinaendelea kuongezeka, na yale mawimbi yaliyokatwa yanazaa sauti za juu zaidi ambazo hazikuwemo kwenye wimbo. Zote zinaelekea kwenye twita, ambayo waya wake ni mwembamba kama unywele na imezoea wati chache. Hivyo ndivyo amplifaya ya wati 20 inavyoua spika ya wati 100.

Omu, mahali amplifaya nyingi zinapoishiwa pumzi

Spika haina omu moja. Ukinzani wake hupanda na kushuka kadiri sauti inavyotoka besi kwenda juu, na "omu 8" ni jina tu la familia. Kanuni ya kimataifa ya IEC 60268-5 inataka ukinzani wa chini kabisa usipungue asilimia 80 ya namba iliyotangazwa. Kwa omu 8, hiyo ni 6.4. LS50 Meta inashuka hadi 3.5. Kwa kipimo hicho ni spika ya omu 4, na ndivyo unavyopaswa kuihesabu unapochagua amplifaya, hata kama karatasi imeandika 8.

Kwa nini hili lina uzito? Tulisema tunahitaji wati 50 kwa omu 8. Hizo ni volti 20. Volti 20 zikikutana na omu 8 zinavuta ampea 2.5. Zikikutana na omu 3.5 zinavuta ampea 5.7, na kwenye kilele cha wimbi ni ampea 8. Hizo ampea zinatoka kwenye transfoma, kapasita na transista za kutoa nguvu. Transfoma ikiwa ndogo, volti zinaporomoka hapohapo ngoma inapopigwa. Utasikia besi laini isiyo na mpigo, au taa ya kujilinda itawaka na sauti itakatika.

Kwa hiyo kwenye karatasi ya amplifaya usitazame wati za omu 8 peke yake. Tazama inatoa ngapi kwa omu 4. Amplifaya yenye misuli huongeza karibu maradufu: 50 kwa omu 8, halafu 80 hadi 100 kwa omu 4. Ikiwa ni 50 kisha 55, ujue mtengenezaji alibana matumizi kwenye transfoma. Na ikiwa haitaji omu 4 kabisa, au mgongoni imeandikwa 6–16Ω tu, iache kwa spika kama hizi. NAD 3020, iliyotoka mwaka 1978, ilikuwa na wati 20 tu kwenye karatasi, lakini ilipata jina dunia nzima kwa sababu iliweza kutoa ampea za kutosha kwa muda mfupi na kusukuma spika ambazo amplifaya nyingine za wati 40 zilizishindwa.

Upande wa pili wa jambo hilihili ni zile LS3/5A za kwanza, zenye omu 15 (toleo la mwaka 1987 lilishushwa hadi 11). Hizo hazivuti ampea nyingi, zinataka volti. Amplifaya ya wati 50 kwa omu 8 itazipa wati 27 hivi tu, na bado ndiyo inayofaa, kwa sababu volti zake 20 zinafika zinapotakiwa.

Swichi ya A+B nayo iangaliwe. Ukifunga jozi mbili za omu 8 na kuziwasha pamoja, amplifaya inaona 4. Jozi mbili za omu 4 zinakuwa 2, na amplifaya nyingi za nyumbani haziwezi kukaa hapo. Kuna nyingine zina swichi mgongoni ya kuchagua omu. Ukiishusha, mara nyingi inapunguza volti za ndani ili isipate joto, ampea haiongezi.

Wati za kweli na wati za boksi

Neno PMPO ukiliona, puuza namba iliyo mbele yake. Hakuna kanuni ya kuipima, kila mwenye kiwanda anaandika apendavyo; ndiyo maana sabufa ndogo ya mezani inaweza kuandikwa maelfu ya wati. Namba inayofaa imeandikwa RMS au "wati endelevu kwa kila chaneli", chaneli zote mbili zikifanya kazi, na pembeni ina omu na THD, yaani asilimia ya kuchafuka kwa sauti. Wati zilizopimwa kwa THD 0.1% na zilizopimwa kwa THD 10% haziwezi kulinganishwa: kwenye 10% mawimbi yameshakatwa vichwa waziwazi. Marekani iliona udanganyifu huu umezidi ikatunga sheria ya kutangaza wati za amplifaya mwaka 1974.

Tuchukue vile viamplifaya vidogo vya daraja D (Class D, aina isiyopoteza umeme mwingi kama joto) vyenye chipu ya TPA3255, vinavyotangazwa wati 300 kila upande. Chipu inaweza kweli kufika huko, lakini ikipewa volti 51, kwa omu 4, kwa THD 10%. Adapta inayokuja ndani ya boksi mara nyingi ni ya volti 32 na ampea 5. Piga hesabu: 32 × 5 ni wati 160, kwa chaneli zote mbili, kabla ya kupotea chochote. Volti 32 zinatoa wimbi la volti 22 hivi, sawa na wati 60 kwa omu 8. Kwa omu 4 adapta inaishiwa, utapata wati 70 kila upande za kudumu. Ni amplifaya nzuri kwa bei yake, na wati 60 safi zinatosha spika nyingi za sebuleni. Tatizo ni 300 iliyoandikwa tu. Kwa LS50 Meta inafaa, ingawa kwa omu 4 haina misuli mingi, mradi adapta isiwe ndogo kuliko hiyo.

Amplifaya za kawaida za daraja AB hupoteza sehemu kubwa ya umeme kama joto, kwa hiyo inua uone uzito: amplifaya ya daraja AB inayodai wati 100 kila upande na uzito wake ni kilo 2, transfoma iko wapi? Soma pia kibandiko cha matumizi ya umeme nyuma. Namba hiyo kwa kawaida si ya nguvu ya juu kabisa, haitoshi kuhukumu kwa usahihi, lakini kifaa kilichoandikwa kinakula wati 40 hakiwezi kutoa 400.

Pima unachotumia sasa

Kama una amplifaya yoyote ya transista na multimita ya bei ndogo, unaweza kujua mahitaji yako halisi ndani ya robo saa, na hakuna hesabu ya karatasi inayoshinda kipimo hiki.

1. Piga wimbo wako wenye vilele vikubwa. Pandisha volyumu hadi sauti ya juu kabisa utakayowahi kuitaka. Acha kitasa hapohapo.
2. Zima amplifaya, ondoa waya za spika zote mbili. (Usifanye hivi kwa amplifaya ya vali, ile yenye mirija ya kioo badala ya transista: hiyo haiwashwi kamwe bila spika, transfoma yake ya kutolea sauti huweza kuungua.)
3. Kwa simu au kompyuta ileile uliyopigia wimbo, tafuta faili la mlio wa hezi 120 wenye kiwango cha −12 dB. Multimita za bei ndogo husoma vizuri kwenye mlio wa chini kama huo.
4. Weka multimita kwenye volti za AC, washa amplifaya, piga mlio, pima kati ya tundu jekundu na jeusi la chaneli moja.
5. Zidisha unachosoma mara 4. Hiyo ndiyo volti ya juu ambayo muziki unaweza kufikia volyumu ikiwa hapo. Izidishe yenyewe kwa yenyewe, gawa kwa 8.

Tuseme umesoma 2.5. Mara 4 ni volti 10. 10 × 10 ÷ 8 ni wati 12.5. Amplifaya ya wati 50 itakubakizia akiba ya dB 6. Ukisoma volti 5 na zaidi, unahitaji wati 50 za kweli, na ikiwa amplifaya yako ya sasa ni ya 30, umekuwa ukikata vichwa vya mawimbi kila siku. Wengi hushangaa kukuta hawavuki wati 10.

Aina za amplifaya, kwa ufupi

Daraja AB ndiyo chaguo salama kwa spika yoyote. Daraja D haipati joto na haili umeme, ila zile za bei ya chini hubadilisha sauti za juu kidogo kulingana na omu za spika. Ukisikia sauti kali mno au imefifia, huenda chanzo ni hicho. Vali zina ukinzani wake wa ndani, mara nyingi omu 1 hadi 3, kwa hiyo sauti yake hufuata milima na mabonde ya omu za spika. Zinapendeza na spika za dB 92 kwenda juu zenye omu zilizotulia; kwa LS50 Meta ni kutafuta taabu. Ukiwa nazo, funga spika kwenye tundu la 4 na la 8, usikilize, ubaki na linalosikika vizuri.

Spika zinazotoa sauti kubwa kwa wati chache, za dB 95 na zaidi, zina dai lao: utulivu. Kila "shhh" ya amplifaya inasikika. Kabla ya kununua, washa bila muziki, weka sikio karibu na twita. Angalia pia kama sauti inakuwa kubwa mno kitasa kikiwa hakijafika hata robo, kwa maana vitasa vingi hapo chini havigawi sawa kushoto na kulia.

Kuhusu matundu ya kuingizia: santuri inataka tundu la phono lenye mkuzo wake, kwa sababu sindano hutoa milivolti chache tu wakati CD hutoa hadi volti 2. Kwa televisheni, HDMI ARC (tundu la HDMI linalorudisha sauti ya televisheni kwenye amplifaya) inakuepusha na rimoti mbili.

Umeme wa nyumbani

Tanzania ni volti 230, Kenya 240, zote hezi 50. Amplifaya za mtumba kutoka Japani ni za volti 100, za Marekani ni 120, na ndugu walioko nje huzituma kwa nia njema. Za Japani zinataka transfoma ya kushusha inayotoa 100 kamili. Ukiipa 120 umezidisha kwa asilimia 20, kapasita zinapashwa moto na maisha yanafupika. Za Marekani angalia kibandiko: kama kimeandika 60 Hz peke yake, transfoma ya ndani kwenye hezi 50 hukoroma na kupata joto. Kilichoandikwa 50/60 Hz hakina shida hiyo. Transfoma ya kushusha iwe na uwezo mara moja na nusu hadi mbili ya matumizi yaliyoandikwa, na bei yake iingie kwenye hesabu ya "bei rahisi" uliyoiona.

Weka kilinda umeme, kile kinachochelewesha dakika chache umeme ukirudi. Umeme unaporudi kwa kishindo ndipo transista hufa.

Mwenye sola anaweza kutumia daraja D moja kwa moja kwenye betri. Kwa volti 12 utapata wati 7 au 8 kwa omu 8, hivyo tafuta spika za dB 90 na zaidi. Kwa volti 24 kuna mtego: chipu maarufu ya TPA3116 inaruhusiwa hadi volti 26, na betri ya 24 ikichajiwa na sola mchana hupanda hadi 28 na kupita. Inaimba usiku kucha, inakufa saa sita mchana. Weka kipunguza volti katikati.

Ukikagua ya mtumba

Kabla ya kufunga spika zako nzuri, weka multimita kwenye volti za DC, pima kwenye matundu ya spika, amplifaya ikiwa imewaka dakika tano na volyumu iko sifuri. Chini ya milivolti 50 ni salama. Juu ya 100 kuna ugonjwa, na ikiwa ni volti nzima, usiguse: DC hiyo itachoma wufa. Zungusha vitasa vyote polepole. Mikwaruzo midogo husafishika kwa dawa ya kupulizia ya kusafisha umeme, na mwambao wenye hewa ya chumvi karibu kila amplifaya ya zamani inayo. Upande mmoja kupotea na kurudi ukigonga mwili wa kifaa ni solda iliyochoka au rilei chafu, kazi ya fundi ya muda mfupi. Kapasita kubwa zilizotuna vichwa ni gharama, ipunguze kwenye bei.

Spika pia pima, kwa omu. Spika ya omu 8 husoma 5.5 hadi 7, ya omu 4 husoma 3 hadi 3.5. Ikisoma chini ya hapo au haisomi kabisa, usiifunge.

Kufunga

Waya wa shaba wa milimita za mraba 2.5 unatosha hadi mita 10 kwa spika za omu 4; kwa mita 5 hata 1.5 unafaa. Ukikwangua ukaona weupe ndani ya wekundu, hiyo ni alumini iliyopakwa shaba, chukua saizi moja juu. Menya sentimita 1 tu, sokota nyuzi zote pamoja. Uzi mmoja uliotoka nje ukagusa tundu la jirani unatosha kuua chaneli.

Nyekundu kwa nyekundu, nyeusi kwa nyeusi, pande zote mbili. Ukigeuza upande mmoja, besi inapotea na mwimbaji hasikiki katikati. Kwa daraja D usiunganishe kamwe matundu meusi ya kushoto na kulia, wala usiyaguse na bodi: mara nyingi yana volti zake, si ardhi.

Iachie amplifaya nafasi ya sentimita 10 juu na pembeni. Dar au Mombasa chumba kikiwa na nyuzi 32, amplifaya ya AB ndani ya kabati lililofungwa huweza kujizima kwa joto. Ikijizima ikiwa baridi na volyumu iko chini, tafuta waya uliogusana. Ikijizima kwenye besi tu, omu zimeizidi. Mngurumo wa "mmm" unaoondoka ukichomoa waya wa antena au king'amuzi unatokana na ardhi mbili kukutana. Chomeka vifaa vyote kwenye soketi moja ya ukutani, na ukiendelea, peleka sauti ya televisheni kwa waya wa optiko, ambao haupitishi umeme.